Wati moja kwa dola 286: historia fupi ya bei ya jua, na hesabu ya nyumba zetu



Swali la leo halikutoka katika kitabu. Lilitoka katika parsele ya jirani yetu wa Katuba, muzee mumoja aliyetumika miaka mingi ku Gécamines. Siku moja mangaribi aliniita kwake. Alikuwa ameshika karatasi ya proforma: paneli, bateri, regilatere, ondulere, nyaya, kazi ya fundi. Chini kabisa waliandika dola 450. Akaniuliza: "Mwana wangu, weye ulisoma. Hii feza itanirudilia siku gani?"

Nilitaka kumujibu mbio mbio, nikashindwa. Ju muzee hakuuliza kama jua ni nzuri. Hakuuliza habari ya mazingira. Aliuliza kitu kimoja tu: faida inafika lini? Nikamuomba siku chache. Nilipoanza kutafuta, niliona kwamba swali lake liko na historia ndefu, na kwamba mutu wa kwanza aliyelifanyia hesabu alikata tamaa kabisa. Njo ninawaletea hapa ile nilipata.

1. Waya inapita juu, giza inabaki chini

Tuanze kwetu. Sisi watu wa Katanga hatukukosa umeme kwa sababu inchi haina nguvu. Mutambo wa Mwadingusha, juu ya muto Lufira, ulianza kutumika mwaka wa 1930. Koni ikafuata mwaka wa 1950. Kisha Nzilo na Nseke juu ya Lualaba, katika miaka ile ile ya 1950.

Wabelgiji waliipa mitambo hiyo mine majina yao: Francqui, Bia, Delcommune na Le Marinel. Mutu aliyesoma historia ya Msiri atashituka. Hao ni wazungu walioongoza safari zilizofika Bunkeya mwaka wa 1891 na 1892, wakati ufalme wa Msiri ulipovunjwa. Jina juu ya barrage lilisema wazi umeme ni wa nani. Ulikuwa wa Union Minière, kwa kuyeyusha shaba. Umeme wa Nseke ulivuka hata mpaka, ukaenda kutumika katika migodi ya Copperbelt kabla ya barrage ya Kariba kuanza. Nyumba za watu weusi ziliwashwa nyuma, kidogo kidogo, kama mabaki ya meza.

Kisha uhuru. SNEL ilizaliwa mwaka wa 1970. Inga ya kwanza ilifunguliwa mwaka wa 1972, Inga ya pili mwaka wa 1982. Wakajenga ile ligne kubwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometre 1,700, moja ya ligne ndefu kupita zote duniani wakati ule. Lakini angalieni namna ilitengenezwa: ni umeme wa mukondo mumoja, unaogeuzwa ku Inga na kugeuzwa tena ku Kolwezi tu. Katikati hakuna mahali pa kuchotea. Vijiji vya njiani viliona pilone, havikuona ampule.

Mpaka leo, karibu mukongomani mumoja kwa watano tu njo iko na umeme. Na sisi wenye waya ndani ya nyumba, munajua vile inakuwa. Bamekata. Watoto wanakaa kimya. Usiku wa manane kuran inarudia, kartiye yote inapiga kelele ya furaha, na mama anaamuka kupiga nguo pasi saa nane ya usiku.

Yule muzee wangu, wakati alikuwa anatumika, kampuni ilisimamia nyumba, maji na umeme. Hakuwahi kujua bei ya giza. Alianza kuijua kisha mwaka wa 2003, wakati maelfu ya wafanya kazi wa Gécamines walitoka katika kazi kwa ule mupango wa Départ volontaire. Tangu pale ananunua buji, ananunua esanse ya gropu, analipa mutu wa kushargea simu. Lakini hakuwahi kuvijumlisha. Kumbukeni neno hilo, tutalirudilia.

2. Mutu wa kwanza aliyefanya hesabu

Sasa twende Marekani. Mwaka wa 1954, watu watatu wa Bell Laboratories, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walionyesha watu kipande cha silisiyamu kinachogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Kiligeuza karibu 6% ya mwanga uliokipiga. Kwa siku zile ilikuwa ajabu.

Kwa nini walikitafuta? Hapa kuko kitu kinachotugusa. Chapin alikuwa anatafuta nguvu ya kutumikisha simu katika inchi za joto na unyevu, mahali bateri kavu zinaharibika upesi. Ni kusema, shida ya inchi kama yetu njo ilisukuma kazi ile. Lakini paneli ya kwanza haikuja kwetu.

Mwaka wa 1956 Chapin alikaa na kalamu. Wati moja ya cell zake iligharimu dola 286. Nyumba ya kawaida ya Marekani ingehitaji wati 5,000. Kuzidisha ni kazi ya mutoto wa shule: dola 1,430,000. Milioni moja na laki ine na elfu makumi tatu, kwa kuwasha nyumba moja! Mutu angelipa fakitire ya umeme maisha yake yote, na wajukuu wake pia, bila kufika hapo. Jibu la "itanirudilia siku gani" lilikuwa: kamwe.

Basi nani alinunua? Mutu ambaye hakuwa na njia ingine. Tarehe 17 Machi 1958 Marekani ilirusha satelite ndogo, Vanguard 1. Ndani yake kulikuwa bateri ya kawaida na cell za jua. Bateri ilikufa kisha majuma machache. Cell za jua ziliendelea kutuma sauti mpaka mwaka wa 1964. Kule juu hakuna SNEL, hakuna butiki ya esanse, hakuna fundi wa kupanda na bateri mupya. Kwa hiyo dola 286 kwa wati haikuwa ghali.

Hapa historia inatupa sheria ya kwanza: paneli haiko ghali wala bei nafuu peke yake. Unaipima na kile ungelipa kama huna paneli.

3. Bei ilianguka namna gani

Wengine wanafikiri bei ilianguka yenyewe, kama embe linaloiva. Hapana. Kila mara kulikuwa mutu aliyetanguliza feza.

Mwaka wa 1973, Elliot Berman, aliyesaidiwa na feza za Exxon, alishusha bei kutoka dola 100 mpaka dola 20 kwa wati, kwa kutumia silisiyamu ya hali ya chini. Wanunuzi wake wa kwanza walikuwa kampuni za petroli zenyewe, kwa taa za onyo juu ya mitambo yao baharini. Ile ya kuchekesha: petroli njo ililipia utoto wa jua.

Afrika haikubaki nje kabisa. Ku Mali, mwaka wa 1977, padri Bernard Verspieren na kazi yake ya Mali Aqua Viva alianza kuvuta maji ya visima kwa pompe za jua. Ku Kenya, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, fundi mumarekani Harold Burris alifundisha mafundi wa vijijini, na wakulima na walimu wakaanza kununua paneli ndogo kwa feza yao wenyewe. Haikuwa zawadi. Walihesabu petroli ya taa na bateri za redio, wakaona inafaa.

Halafu Ulaya. Mwaka wa 2000 Ujerumani iliweka sheria: mutu akiweka paneli juu ya nyumba yake, ataruhusiwa kuuza umeme ku réseau kwa bei iliyopangwa, na bei hiyo haitabadilika muda wa miaka 20. Muone akili iliyo ndani yake. Sheria haikushusha bei ya paneli hata senti moja siku ile. Ilimupa mutu uhakika. Na mutu mwenye uhakika wa miaka 20 anaweza kwenda ku banki na kukopa. Wajerumani wote walilipia jambo hilo, kidogo kidogo, ndani ya fakitire zao za umeme.

Soko likafunguka, na China ikaingia. Mwaka wa 2001 Shi Zhengrong, aliyesomea kazi hiyo ku Australia, alianzisha Suntech katika muji wa Wuxi. Viwanda vikazaana, banki na serikali zikatoa mikopo, paneli zikawa nyingi kupita wanunuzi. Mwaka wa 2013 Suntech yenyewe ilishindwa kulipa madeni. Kampuni ilianguka, lakini bei iliyoanguka haikuamuka tena. Leo, pa mulango wa kiwanda, wati moja ni chini ya senti 20. Kutoka dola 286 mpaka chini ya senti 20, katika maisha ya mutu mumoja.

Sheria ya pili njo hii: paneli ni umeme wa miaka 20 unaoulipa siku moja. Historia yote ya jua ni historia ya kutafuta nani atatanguliza feza ya siku hiyo moja. Jeshi na wanasayansi wa Marekani walitanguliza. Exxon ikatanguliza. Familia za Ujerumani zikatanguliza. Banki za China zikatanguliza. Na ku Katuba, nani anatanguliza?

4. Paneli inaingia kwetu

Sisi tuliona paneli kwanza pa paa la misioni, pa kituo cha afya penye frigo ya chanjo, na pa nyumba ya phonie, ile radio ya kupigia habari kutoka muji hadi muji wakati simu za mukono hazijafika. Paneli moja, bateri ya motokari, basi. Kwa watoto wa wakati ule, paneli ilikuwa kitu cha mapadri.

Kile kilichobadilisha mambo si jua, ni simu. Ku Kenya, M-Pesa ilianza mwaka wa 2007. Mwaka wa 2012 kampuni ya M-KOPA ikaitumia kwa kuuza kit ya jua kwa mukopo: unalipa kidogo kwanza, kisha kila siku unatuma feza ndogo kwa simu, na usipolipa kit inajifunga yenyewe. Mwaka ule ule wa 2012 M-Pesa ikafika hapa Congo. Mwaka wa 2013 wakongomani wawili, Washikala Malango na Iongwa Mashangao, wakaanzisha Altech. Hao ni watoto wa Baraka, Sud-Kivu, waliokimbia vita na kukulia katika kambi ya wakimbizi ku Tanzania. Watu waliosoma kwa mwanga wa petroli wakaamua kuuza taa. Wewe mwenye diplome ndani ya kabati, soma habari yao mara mbili.

Mwezi wa sita 2014 kukawa sheria mupya iliyofungua kazi ya umeme kwa wengine, si SNEL peke yake. Mwaka wa 2020, ku Goma, Nuru ilifungua mutambo wa jua wa megawati 1.3 unaopitisha umeme kwa waya hadi nyumba za kartiye. Hapo mutu hanunui paneli. Ananunua umeme tu, na kampuni njo inatanguliza.

5. Sasa hesabu ya muzee

Nilirudi kwake na kayé. Namba hizi ni mufano. Kila mutu aweke bei za kwake.

Kwanza, nyumba inakula nini? Ampule tano za wati 7, masaa matano: 175. Televizyo ya wati 50, masaa mane: 200. Ordinatere ya mutoto anayesoma iniversite, wati 60 masaa mane: 240. Simu: 40. Jumla 655, kile mafundi wanaita wati-saa, kwa siku. Ongeza ile inapotea njiani, unafika karibu 870. Jua letu la Lubumbashi tulihesabu kama masaa matano makali kwa siku. Kwa hesabu hiyo paneli ya wati 175 ingetosha, lakini masika mawingu yanakaa siku nyingi, kwa hiyo wati 300. Proforma ilisema hivyo pia. Vizuri. Bateri yake ya risasi, volti 12 na amperi-saa 100, haifai kumalizwa zaidi ya nusu kama unataka idumu. Nusu yake ni wati-saa 600. Inatosha kwa shida.

Pili, muzee alikuwa analipa nini? Pale njo tulijumlisha kwa mara ya kwanza tangu 2003. Gropu yake ndogo inakunywa karibu nusu litre kwa saa. Masaa matatu kwa usiku, litre moja na nusu. Tuseme dola 1.80 kwa usiku. Kama umeme unakatika usiku 20 kwa mwezi, ni dola 36. Alinyamaza. Akaita muke wake aje kusikia.

Dola 450 kugawanya kwa 36: miezi kama 12 na nusu. Furaha! Lakini ngoja kwanza. Paneli itaishi miaka 20 na zaidi. Bateri ya risasi, ukiitunza, tuseme miaka mitatu. Kama inagharimu dola 150, ni kama dola 4 kila mwezi za kuweka pembeni. Kwa hiyo anaokoa 32, si 36. Feza inarudia kisha miezi 14. Bado ni vizuri sana.

Sasa tubadilishe kitu kimoja tu. Jirani wa upande mwingine yuko karibu na kabine ya umeme, wanamukatia usiku tano tu kwa mwezi. Gropu inamugharimu dola 9. Toa 4 za bateri, inabaki 5. Dola 450 kugawanya kwa 5 ni miezi 90. Miaka saba na nusu! Paneli ile ile, jua lile lile, barabara ile ile. Muone vile sheria ya Vanguard inatumika mpaka ku Katuba: kadiri giza yako inakugharimu, njo kadiri paneli inarudisha feza upesi. Mutu akikuambia "solaire inarudisha feza kwa mwaka moja" bila kukuuliza unalipa nini leo, huyo anauza, hafundishi.

Kuko kitu ingine. Upande wa pili wa parsele kuko mama mumoja aliyenunua paneli iliyoandikwa "300W" kwa bei ya ajabu. Kisha mwezi, televizyo ilikuwa inazimika saa mbili ya usiku. Nilienda na metre ya fundi wa nguo. Paneli ilikuwa na sentimetre 100 kwa 67, ni kusema karibu theluthi mbili za metre mraba. Jua kali la saa sita linatoa karibu wati 1,000 kwa metre mraba, na paneli nzuri ya leo inakamata karibu 20% mpaka 22%. Chapin alikamata 6%. Kwa hiyo ile paneli haiwezi kupita wati 150 hata siku ya kipwa yenye mbingu safi. Karatasi ya nyuma ilidanganya. Metre ya fundi haikudanganya. Musinunue paneli bila kuipima.

Na kuhusu kit za mukopo: zidisha malipo ya kila siku kwa hesabu ya siku zote, ongeza feza ya kwanza, kisha linganisha na bei ya kulipa mara moja. Tofauti ile njo bei ya kutanguliziwa. Wakati mwingine inafaa, ju buji pia ni deni, tena deni lisiloisha. Lakini ujue unalipa nini.

6. Ile hesabu haionyeshi

Muzee alisikiliza yote, kisha akasema: "Bon. Inarudia kwa miezi 14. Lakini 450 ya leo, nitaitoa wapi?" Alikuwa amefika mwenyewe pa sheria ya pili, bila kusoma habari ya Ujerumani.

Serikali yetu haijatuwekea uhakika wa miaka 20. Banki haimujui muzee wa Katuba. Lakini tuko na kitu ambacho Chapin hakukuwa nacho: likelemba. Watu kumi, dola 45 kila mumoja kwa mwezi, ni 450. Kila mwezi nyumba moja inawaka, na watu kumi wakinunua pamoja wanaweza kuita fundi mumoja wa kweli, kupima kila paneli, na kubishana bei ya bateri ku Kasumbalesa kwa sauti moja. Wa kumi atangoja miezi kumi, ni kweli. Babu zake waliangalia waya ya Mwadingusha tangu 1930.

Tusidanganyane hata hivyo. Kila nyumba ikijijengea barrage yake juu ya bati, hiyo haiondoi deni la wale wanaopitisha umeme wa mito yetu juu ya vichwa vyetu. Mashine ya kusaga, frigo ya hopitali, atelye ya kusudia, havitawaka kwa bateri moja ya amperi-saa 100. Mutu mwenye paneli asiache kudai. Taa yake imusaidie kusoma fakitire vizuri zaidi.

Muzee aliingia katika likelemba. Alichota namba ya ine. Mutoto wake yuko anaandika mémoire, na anasema usiku ni murefu kumbe.